Alama ya Penseli

Jovina alikataa kuvishwa waya.

"Aanze shemeji," alisema. "Kwetu Bukoba anayekukaribisha pombe huonja kwanza, ndipo akupe. Na hapa aliyenileta ni yeye."

Bakari, fundi wa mashine, alimtazama daktari Mzungu. Daktari akaitikia kwa kichwa. Revelian akacheka. Alikuwa karani, kavaa suti yake ya kanisani, na tangu asubuhi alikuwa akiwaomba radhi watu wote kwa ajili ya mke wa kaka yake.

"Mnamwona? Hata matibabu anayadhania sumu." Akakaa kitini, akafumba macho kama alivyoelekezwa.

Mwaka huo wa hamsini na nne, pale Temeke, hapakuwa na mtu aliyewahi kuona kitu kama kile. Mashine ilisikiliza ubongo na kuuandika kwa wino. Mtu akitulia, kalamu zilichora mawimbi mapana yaliyolingana. Akishikwa na hofu, mawimbi yalikatika, yakabaki mikwaruzo. Revelian alielezwa hayo akayapenda sana. Karatasi ikisema Jovina kavurugikiwa, askari aliyekuwa akingoja nje angempandisha treni jioni hiyo hiyo, kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara. Huko watu walikuwa hawarudi upesi.

Adelard, mumewe Jovina, alikuwa hajaonekana kwa miezi mitatu. Revelian alisema kaka yake kaenda Nairobi kutafuta kazi. Jovina alipita nyumba kwa nyumba Kinondoni akisema mumewe yumo kisimani, kile kisima cha uani kwao kilichofukiwa. Majirani walimhurumia, wakampa chai, wakaanza kuwaita watoto wao ndani kila alipopita.

Bakari akamvisha Revelian waya kichwani, mashine ikanguruma. Jovina akaketi kwenye kigoda mbele ya shemeji yake.

"Inauma, shemeji?"

"Haiumi. Si unaona nimekaa tu?"

"Na kisima je?"

"Mmesikia wenyewe," Revelian alisema, macho yamefumbwa, akitabasamu kwa masikitiko. "Ndivyo anavyoshinda, kutwa kucha."

Bakari akatia alama ya penseli kwenye karatasi, kama alivyozoea kila swali linapoulizwa. Kisha akamvua Revelian zile waya, akamvisha Jovina.

Jovina akafumba macho. Rozari ilikuwa imezungushwa kwenye vidole vyake, na midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Revelian alisimama nyuma ya kiti, akanyoosha shingo kuzitazama kalamu, ingawa hakujua kuzisoma.

"Mumeo yuko wapi, mama?" Bakari aliuliza.

"Kisimani."

Penseli ikagusa karatasi.

"Nani kakwambia?"

"Aliyekifukia hakutaka vibarua siku ile, wala nipike chakula chao. Alifukia peke yake."

Penseli ikagusa tena.

Mashine ilipozimwa, daktari aliikunjua karatasi yote mezani, akapitisha kidole taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Alikirudisha mahali pamoja mara tatu. Akamnong'oneza Bakari, na Bakari akatoka nje kidogo, akarudi na askari.

Jovina alimwona askari, akaikaza rozari. Alijua safari imefika.

"Hapa pametajwa kisima," Bakari alisema, akionyesha alama ya penseli. "Mawimbi yote yamekatika. Daktari anasema hajaona hofu kama hii tangu mashine iletwe."

Revelian alishusha pumzi. "Si niliwaambia? Masikini shemeji yangu. Mwandikieni tu, asichelewe treni."

"Shemeji yako katulia mwanzo mpaka mwisho, bwana," Bakari alisema. "Hii ni ile uliyoonja wewe."