Kijiko cha Mkono wa Kushoto

Pale wodini, Mzee Humaid alikisukuma kijiko alichopewa na mwanafunzi wangu wa uuguzi, kikaanguka sakafuni. Tangu jana alikuwa hajatia kitu mdomoni.

"Mkono wa kushoto, binti yangu? Mbele za watu?"

Mashine ya mkonge ilikuwa imemkata vidole vinne vya mkono wa kulia, ikamwachia kidole gumba tu. Mwanafunzi akanionyesha kitabu. Daktari alikuwa ameleta viwili kutoka Ulaya, nichague kimoja cha kuwafundishia wauguzi wapya namna ya kuwazoesha majeruhi kujifanyia mambo yao. Pichani Mzungu alikuwa akila kwa kushoto huku akitabasamu.

"Kinasema hivi, sista."

Hasira zilinipanda. Nilikifunga kitabu mikononi mwake, nikasogeza sahani ya ugali.

"Shikamoo, mzee. Ungekuwa kwako ungekulaje?"

"Kwa huu huu wa kulia."

Kidole gumba kikakandamiza ugali kwenye kiganja chenye kovu jekundu. Tonge likaanguka. Akalikusanya tena, taratibu, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, likafika mdomoni.

Nikampa mwanafunzi daftari tupu.

"Daktari atapelekewa hili, si kimoja cha vile viwili. Andika."

"Niandike nini, sista?"

"Anza na jana. Mgonjwa alilala njaa, sisi tunasoma kitabu."