Hereni ya Tabutany

Sisi tuliozaliwa msituni tunaruhusiwa kuishi humo kwa sharti moja, nalo ni kuandikishwa kama wanyamapori. Mama yangu alikubali. Akatobolewa sikio, akavishwa hereni ya plastiki kama ng'ombe, akarudi kwenye mizinga yake ya nyuki.

Mimi niliingia kama mtalii, mwanangu mgongoni. Kwetu mtoto hana jina mpaka bibi yake amlambishe asali. Tulimkuta Mama chini ya mkuyu, mbega wakiruka juu yake, nasi watalii nyuma ya kamba.

"Dada, usimsogelee mnyama," akasema mlinzi.

"Mnyama ni mama yako!"

Wageni wakacheka. Mama akavuka kamba, akamlambisha mtoto asali kwa kidole. "Karibu nyumbani, Tabutany."

Wakapiga makofi, wakapiga picha. Mlinzi akatoa koleo na hereni ndogo.

"Mnyama akishamtambua mtoto, mtoto ni wa msitu. Hatoki tena," akasema kwa upole. "Mshike kichwa, dada, asiumie."

Sura za wageni wale nazikumbuka zote, moja moja. Lakini mikono iliyomshika ilikuwa yangu.