Inchi Thelathini na Nane

Kila Jumatatu, kabla cherehani hazijaanza kunguruma, mama mkwe alimpima mkamwana wake tumbo kwa futi ileile ya kupimia wateja, kisha akaandika inchi ukutani kwa chaki. Leo chaki ilibaki hewani.

"Thelathini na nane," alisema. "Wiki ya tatu sasa, tumbo halijaongezeka."

"Mtoto mvivu kama baba yake," fundi wa vifungo akatania. "Mpaka asukumwe."

Mafundi wengine wakacheka. Mkamwana hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na kinywa chake kilinukia peremende, kama kila atokapo stoo.

Mama mkwe akamzungushia futi tena, safari hii polepole. Ikafika palepale. Akamshika mkono, akaunusa. Kwenye vidole viwili rangi ya njano ilikuwa imekolea mpaka kwenye kucha.

"Uliniambia umeacha sigara."

"Nimepunguza, mama."

Mama mkwe akatazama rundo la sare za shule zilizokuwa hazijapigwa pindo.

"Basi tutakwenda kliniki Ijumaa, tukishakabidhi hizi. Daktari atakupa vidonge vya damu, mtoto atanenepa tu."

Mkamwana akaishika ncha ya futi, akaizungusha kwenye kidole, akakaza mpaka kidole kikafa ganzi.

"Mama, Ijumaa ni mbali," alisema. "Sijaacha hata siku moja. Na tangu juzi hajacheza tumboni."