Pete ya Marehemu Habibu

Siku hizo dhahabu yote ya raia ilikaa Hazina, na pete ya ndoa ilirudishwa mume au mke anapofariki. Nasimu alipotoka eda akaenda kuichukua yake, ingawa mtaani walinong'ona kwamba Hazina imebaki na shaba tupu.

Pete aliyopewa ilikuwa nyepesi mno. "Hii si yangu," akasema.

"Mama, fikiria vizuri," karani akamjibu kwa upole. "Kama ni bandia, basi marehemu ndiye aliyetuletea bandia. Watu wa hivyo tunayafukua makaburi yao."

Nasimu akaivaa kidoleni. "Ni yenyewe."

Haikuchukua siku nyingi kidole kikageuka kijani. Binti yake Wahida, kipenzi cha baba, akakiona.

"Kumbe ni kweli! Mama, mimi sinyamazi, nitawaambia watu!"

Waliosema hivyo walichukuliwa majumbani mwao, wala hawakurudi.

"Uwaambie nini?" Nasimu akasema. "Hazina haina kosa. Baba yako ndiye aliyenioa kwa shaba."

Wahida akauachia mkono wa mama yake. Akaishusha picha ya baba ukutani, akatoka nayo uani kulikokuwa na jalala. Nasimu akabaki anachambua mchele, wala hakumwita.