Kipimo cha Baba Askofu

Baba Askofu Ostbert alisimama katikati ya nyumba yangu, mikono kaitandaza, nami nikampima kwa uzi wa sufu. Alitaka joho zito la safari. Kesho maji yakijaa angepanda mashua arudi kwao ng'ambo, akafie kwa ndugu zake watawa.

"Mbona unaanzia utosini, mwanangu?" aliuliza ghafla. "Joho si hupimwa toka begani?"

Nilifunga fundo usawa wa utosi, nikashusha uzi hadi kisiginoni, nikafunga la pili. Kwetu Frisia, pwani hii inayoliwa na bahari, ni sanda tu inayopimwa hivyo, naye alikuwa amewazika wafu wetu miaka ishirini.

Mikono yake ilishuka taratibu.

"Wewe mwenyewe ulitufundisha, Baba," nilisema. "Pale alipozikwa mtakatifu, bahari haithubutu kupanda. Leo unataka ukazikwe kwingine! Sisi utuachie nini, viatu?"

Nje kuna aliyecheka. Kijiji kizima kilikuwa mlangoni.

"Nilisema mtakatifu. Mimi si mtakatifu."

"Hilo tuachie sisi."

Alimgeukia mwenye mashua, aliyeegemea mlango na shoka mkononi. "Twende sasa hivi. Mashua iko wapi?"

"Tumeipasua, Baba Askofu. Unajua kwetu miti haioti, na jeneza linataka mbao nzuri."

Alijishika kifua, kama anayehakikisha moyo bado unapiga. "Lakini mimi ni mzima!"

"Tunaona, Baba," mwenye mashua alisema kwa upole, akafunga mlango. "Hatuna haraka."