Boriti ya Wodi ya Wanawake

Pigo la kwanza lilimpata askari begani. La pili likamlaza chini kando ya maua ya waridi. Simiyu akampokonya rungu, akamvuta mpaka verandani, akamfunga mikono kwenye nguzo ya mawe kwa mshipi wake mwenyewe.

"Mzee wangu, usiniue," Odero, yule askari, alilia, damu ikimwingia jichoni. "Niko na watoto."

"Hata mimi niko na mtoto. Nyamaza nikuachie meno."

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Wakubwa wa hospitali ile ya wagonjwa wa akili walikuwa kanisani, wakiwaombea watu wanaowalaza njaa. Simiyu alikuwa ametoka Makongeni kwa miguu, shoka kiunoni, msumeno mkononi, na begani ngazi ndefu ya kubadilishia taa katika karakana ya reli. Njia nzima ya Jogoo Road vijana walimcheka. "Buda, unapanda mbinguni leo?"

Alikuwa amekuja kukata boriti moja tu.

Alimleta mkewe Millicent hapa akitembea kwa miguu yake, kichwa tu kikimsumbua baada ya kuzika mtoto. Akarudishiwa maiti. "Alijinyonga kwenye boriti ya wodi ya wanawake," aliambiwa pale dirishani. "Weka kidole hapa." Hakuna aliyempa pole. Hakuna aliyemruhusu aingie kuona.

Nyumbani kwao Bungoma, aliyejinyonga haliliwi. Huzikwa nje ya boma, na kabla hajazikwa huchapwa, na mume ndiye huanza. Simiyu alipewa fimbo. Akamchapa Millicent, mwanamke mfupi ambaye hata kamba ya kuanika nguo alishushiwa, akamchapa mbele ya watoto wake mpaka sanda ikachanika. Kisha wazee wakamwambia: mti aliojinyongea ukatwe na uchomwe. Ukiachwa umesimama, utamwita mwingine wa nyumba hiyo.

Na sasa ulikuwa unamwita Triza. Binti huyo alikuwa amekutwa na kamba mara mbili. Jana alisema, akitabasamu, "Baba, mama ananingoja."

Simiyu alikuwa amekwenda kuomba kwa heshima. Alimwahidi msimamizi wa hospitali, Bwana Griffins, boriti nyingine ya mvule, na kuipandisha mwenyewe bure. Bwana Griffins alicheka mpaka akakohoa.

"Hili jengo ni la historia, mzee. Lilijengwa na Wazungu kabla baba yako hajavaa suruali. Wageni wanatoka ng'ambo kuja kulipiga picha. Nikate historia kwa sababu ya uchawi wenu?"

Basi Simiyu akainua shoka. Mlango wa wodi ulipasuka kwa mapigo, vipande vikaruka. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua uani wakaanza kupiga makofi.

Ndani palinuka rangi mpya na mikojo ya zamani. Paa lilikuwa liking'aa kwa vanishi, kila ubao umepigwa msasa kwa ajili ya wageni. Chini palikuwa patupu. Hakuna kitanda, hakuna kiti, hakuna hata ndoo. Vitanda wakubwa walikuwa wameviuza zamani, wagonjwa wakatandikiwa magodoro sakafuni kama magunia ya viazi. Madirisha yenyewe yalikuwa juu kabisa, mtu asione hata jakaranda.

Boriti ilikuwa moja tu, imekatisha chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Simiyu akasimamisha ngazi. Haikufika. Akapanda mpaka kidato cha mwisho, akajinyoosha, kifua kikiegemea ukuta.

"Walikuwa wanamjengea nani, twiga?" akalaani, akaanza kukata.

Unga wa mbao ulimwingia machoni. Alikuwa amefika katikati aliposikia viatu vikikimbia. Bwana Griffins aliingia na suti ya kanisani, akaona mlango, akaona boriti, akapiga yowe kama mtu aliyechomwa.

"Shuka! Shuka wewe mbwa!"

Akashika ngazi na kuitikisa. Simiyu akateleza mpaka vidato vya chini, akaning'inia kwa mkono mmoja, mguu wake ukatafuta na kupata uso wa bwana yule. Kitu kikavunjika. Bwana Griffins akarudi nyuma, akiwa ameshika pua, tai nyeupe ikigeuka nyekundu. Akaokota kipande cha mlango, akakirusha. Kikamchana Simiyu sikio. Simiyu akatema mate, akapanda tena, akaendelea kukata.

"Nitakufunga! Utaozea jela ya Industrial Area!"

"Nifunge. Mtoto wangu atakuwa hai."

"Na huyo Odero nitamfunga pia! Amekuvunjia stoo, sivyo? Hiyo ngazi umetoa wapi?"

"Ngazi ni ya reli."

"Mwongo mkubwa! Mwizi wa mbao!" Bwana Griffins alikuwa anapiga kelele huku akivuta kola na kutoa ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni. "Unaona huu? Tangu nipewe hospitali hii, usiku na mchana, hakuna binadamu amewahi kugusa boriti hiyo bila ngazi zangu, na ngazi zangu hazitoki stoo nisipofungua mimi kwa mkono wangu!"

Msumeno ukanyamaza.

Simiyu akatazama chini, umbali wote ule hadi sakafuni, akamkumbuka Millicent chini ya kamba ya kuanika nguo. Kisha akamtazama Bwana Griffins, na akaanza kushuka.