Maji ya Kutoa Kiapo

"Mimi sioshwi," Mumbi alisema, mikono kiunoni, mbele ya foleni nzima.

Gerishon, dresa aliyetibu wagonjwa wa shamba, akabaki ameshika ndoo na mpira wa kupitishia maji. Ilikuwa 1954, kwenye shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, na mke wa mzungu mwenye shamba alikuwa ameamua kuwasafisha wafanyakazi matumbo. Yeye mwenyewe alioshwa utumbo kila alipokwenda kwao Ulaya, maana aliamini humo ndimo vinamokaa uchovu, hasira na makunyanzi. Safari hii aliongeza kwenye orodha hiyo kiapo cha Mau Mau. Watu wamekila kwa nyama, alisema, basi maji ya sabuni yatakitoa. Ungecheka, kama si askari waliosimama pale na bunduki.

Wenzake Mumbi waliingia bandani bila ubishi, wakatoka wameshika matumbo, wakahesabiwa wasafi. Anayekataa angepelekwa kizuizini, na lori lilikuwa tayari.

"Mama Ngendo, kubali tu," Gerishon akanong'ona. "Ni maji."

"Kama ni maji, kunywa wewe."

Foleni ikacheka. Memsabu, yule mke wa mzungu, akawaka.

"Wewe nakataa sababu kiapo iko ndani ya tumbo! Sema nani nalisha watu kiapo hapa. Ukisema, nabaki na mtoto yako."

Mumbi alimtazama binti yake, Ngendo, aliyekuwa akilia kando ya banda. Halafu akamtazama Gerishon, kwa muda mrefu. Neno moja tu la mwanamke huyu, na dresa angenyongwa.

"Sina jina la mtu," Mumbi akasema. "Na hiyo mpira haiingii kwangu. Ngendo, nenda kwa tata, shangazi yako, kule Ngoingwa. Wacha kulia, hakuna mtu amekufa."

Akapanda lori mwenyewe, bila kusukumwa, akaketi kichwa juu.

Memsabu akashusha pumzi, akatangaza kwamba shamba lake sasa ni safi. Gerishon aliinamia ndoo ili askari wasimwone uso. Foleni ile yote aliilisha kiapo yeye mwenyewe, mmoja mmoja, nyuma ya kinu cha kahawa. Aliyemkatalia kiapo hicho alikuwa mtu mmoja tu, na lori lilikuwa likiondoka naye.